Kuonja Bia Chungu Nyumbani, Mume na Mkewe

Siku za Krismasi watoto wetu wakaao Dar es Salaam, Arusha na Nairobi hupanda kuja milimani kuwaamkia wazazi wao, nao huleta vitu vya mjini. Siku hizi katika vitu hivyo huonekana mara nyingine chupa ndogo za bia yenye jina la Kiingereza, India Pale Ale, au kwa kifupi herufi tatu tu, IPA. Mzee hupiga funda moja, hukunja uso, huuliza, "Mwanangu, hii si imeharibika?" Haikuharibika. Wengine hudhani ni dawa, wengine hudhani ni pombe ya Wahindi. Tena wainjilisti huulizwa swali jingine lililo kubwa kuliko hayo: Je, yafaa mume na mke Wakristo kuketi mezani kwao na chupa ya namna hii kati yao? Nataka kuyajibu maswali yote mawili katika somo hili, kwa kuwa sioni njia ya kulijibu la pili pasipo kukijua kwanza kitu chenyewe.

Wengi wa jirani zetu hapa Suji ni Waadventista Wasabato, ambao misioni yao ilifika milima hii tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20, nao hawanywi kileo kamwe. Twawaheshimu kwa hilo. Wala siandiki ili mtu asiyekunywa aanze kunywa. Asiyekunywa na alisome somo hili kwa ajili ya kahawa, maana karibu yote nitakayosema juu ya kuonja yafaa pia kwa kikombe cha kahawa ya mashamba yetu isiyotiwa sukari.

Bia hii si ya Wahindi. Ni ya Waingereza waliokaa Bara Hindi. Katika karne ya 18 Kampuni ya Mashariki ya Bara Hindi ilikuwa na askari, makarani na wafanya biashara wengi katika miji ya Calcutta, Madras na Bombay, nao walitamani kinywaji cha kwao. Kupika bia njema katika joto lile kulikuwa kazi ngumu mno kwa maarifa ya zamani zile. Basi bia ilipakiwa merikebuni huko London, ikashuka kando ya Afrika ya Magharibi, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda tena katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani ya Tanga na Pangani. Safari ilichukua miezi 4 hata 6, na njiani kila pipa lilivuka ikweta mara mbili.

Mtu mmoja jina lake George Hodgson alianza kupika bia mahali paitwapo Bow, mashariki ya London, mwaka 1752. Kiwanda chake kilikuwa karibu na bandari ya merikebu za Kampuni, naye alikubali kuwakopesha manahodha hata miezi 18, wapate kuuza kwanza ndipo walipe. Hadithi isimuliwayo sana yasema kwamba Hodgson alibuni bia mpya, kali na chungu, ili istahimili bahari. Waliochunguza karatasi za zamani wamekanusha hadithi hiyo. Bia ya rangi hafifu yenye uchungu mwingi ilikuwako Uingereza kabla ya Hodgson, na bia nyeusi nayo ilipelekwa Bara Hindi kwa wingi ikafika salama. Alichokuwa nacho Hodgson ni kiwanda kilichokaa mahali pazuri na mkopo mrefu, na kwa maoni yangu hayo mawili yameanzisha biashara nyingi kuliko ubunifu.

Warithi wa kiwanda hicho walitaka kushika faida yote wenyewe, wakawaudhi wakubwa wa Kampuni. Mwaka 1822 mkubwa mmoja alimshauri Samuel Allsopp, mpika bia wa mji wa Burton, ajaribu kupika bia kama ile, na mwaka uliofuata bia ya Burton ikaanza kwenda Bara Hindi. Ikaonekana kuwa njema kuliko ya London. Sababu yake ilikuwa maji. Maji ya visima vya Burton yamepita katika jasi, jiwe lile lile jeupe linalochimbwa Makanya chini yetu na kupelekwa katika viwanda vya saruji. Maji yenye jasi huufanya uchungu wa bia uwe mkavu na safi, usigande ulimini. Hata leo wapika bia wa nchi nyingine hutia jasi katika maji yao ili wayapate maji ya Burton. Ama jina lenyewe, lilichapwa katika tangazo la gazeti la Sydney, Australia, mwaka 1829, na katika gazeti la Liverpool mwaka 1835.

Katika karne ya 20 bia hii ilififia huko kwao, ikawa nyepesi, ikabaki jina. Waliofufua ni Wamarekani. Mwaka 1972 wakulima wa Marekani walipewa mbegu mpya ya mmea wa uchungu, iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi. Na mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha mji wa San Francisco kikapika bia kwa mbegu hiyo, nayo ikanukia kwa namna ambayo wanywaji wa siku zile hawakuizoea. Tangu hapo viwanda vidogo vilitokea katika nchi nyingi, hata Afrika ya Mashariki. Nairobi kwa mfano vilianzishwa Bateleur na 254 Brewing Company. Viwanda vikubwa vya kwetu hupika hasa bia ya namna nyingine, nyepesi, ya dhahabu, yenye uchungu kidogo, inyweke kwa baridi sana. Ulimi uliolelewa kwa bia hiyo ndio unaokunja uso ukikutana na IPA.

Sasa tuuseme uchungu wenyewe. Hutoka katika mmea utambaao uitwao hopsi. Mmea wa kike huzaa maua ya kijani yaliyofungana kama koni ndogo ya msonobari, na ndani yake mna vumbi la manjano lenye kunata. Vumbi hilo lina mambo mawili: utomvu mchungu na mafuta yenye harufu. Utomvu hautoi uchungu wake mpaka uchemke muda mrefu. Mafuta yakichemka muda mrefu hupotea katika mvuke. Kwa hiyo mpika bia hugawa hopsi yake: nyingine huitia mwanzo, ichemke saa nzima au zaidi kwa ajili ya uchungu, na nyingine huitia mwisho, au hata baada ya bia kupoa na kuchacha, kwa ajili ya harufu. Akina mama wanajua jambo hili pasipo kufundishwa, maana mchaichai hutiwa katika chai karibu na kuepua sufuria; ukichemshwa tangu asubuhi hunuki tena.

Msidhani kwamba kutia kitu kichungu katika pombe ni akili ya Ulaya peke yake. Jirani zetu Wachaga hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, nao hutia magome ya mti uitwao msesewe, machungu kama kwinini. Utamu wa ndizi pasipo msesewe ungechosha. Hopsi na msesewe ni miti isiyo na udugu wowote, lakini kazi yao mdomoni ni moja, yaani kuuzuia utamu. Ila hopsi hufanya na kazi ya pili: utomvu wake huzuia vijidudu vingi viletavyo uchachu. Mbege hufaa siku chache tu kisha hugeuka. Bia ya hopsi iliweza kuzunguka Afrika. Mtu asijaribu kupanda hopsi Upare. Mmea huu wahitaji siku ndefu za kiangazi cha Ulaya ndipo ukue vema kabla ya kutoa maua, na hapa kwetu, nyuzi 4 kusini ya ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Katika Afrika hulimwa huko George, mwisho wa kusini wa bara, nao walilazimika kutafuta mbegu zao wenyewe zinazoridhika na mchana mfupi kidogo.

Nimefika katika swali la pili. Sisi Walutheri hatuwezi kulijibu kana kwamba bia ni kitu kigeni katika nyumba ya mchungaji. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wakakaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa zamani ya watawa, na Katharina mwenyewe ndiye aliyepika bia ya nyumba ile. Mwezi wa Julai 1534 Luther alikuwa safarini Dessau, akapewa kinywaji kisichompendeza. Alimwandikia mkewe kwamba amewaza jinsi alivyo na divai na bia njema nyumbani, na mke mwema pia, akamwomba ampelekee chupa ya bia yake. Lakini ni Luther huyo huyo aliyehubiri mwaka 1539 juu ya kiasi, akawakemea Wadachi wenzake kwa ulevi wao kwa maneno makali kuliko ambayo mimi ningethubutu kuyatumia usharikani. Mambo hayo mawili hayapingani. Bia aliyoitamani ilikuwa ya mezani kwake, na mwenzake ndiye aliyeipika.

Na hapa ndipo penye jambo zito kwa nyumba zetu. Pombe iliyovunja nyumba za milima hii ni ile inayomtoa mume nje. Mke hubaki na watoto na jembe, mume hubaki kilabuni na fedha ya kahawa. Mara nyingine mke mwenyewe ndiye apikaye pombe ile ili apate ada ya shule, naye haketi pamoja na wanaoinywa. Desturi ya zamani haikuwa hivyo kabisa. Katika nchi nyingi za huku, ampaye mgeni pombe hutangulia kuonja mwenyewe mbele yake, ili mgeni ajue kwamba hamna sumu wala hila. Ndivyo kuonja kulivyokuwa neno la amani kati ya watu wawili. Basi nijibu waziwazi: mume na mke walio wazima, wakubaliao wote wawili kwa moyo, wakigawana chupa moja mezani kwao, wakizungumza, sioni kwamba wametenda dhambi. Lakini chupa ile ile ikinywewa na mume mbele ya mkewe aliyenyimwa neno, hapo mimi nitasema.

Tuihesabu chupa hiyo. Chupa ya mililita 330 yenye kileo sehemu 6 na nusu katika mia ina gramu 17 hivi za kileo. Ikigawanywa kwa wawili, kila mmoja hupata gramu 8 na nusu. Chupa kubwa ya bia ya kawaida, mililita 500 kwa sehemu 5 katika mia, ina gramu 20 hivi, na mtu mmoja huimaliza peke yake akaagiza ya pili. Hata hivyo IPA ni kali kuliko bia hiyo kwa kipimo, na aiendeaye kwa pupa kama maji atajuta. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kiwezacho kusemwa kuwa hakina hatari yoyote kwa afya; kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba uchungu wake ni dawa. Mama mwenye mimba asionje. Anayetumia dawa na amwulize mganga wa hospitali kwanza. Na yeye aliyewahi kufungwa na pombe akafunguliwa, chupa hii isiingizwe nyumbani mwake hata kwa ajili ya mgeni. Mwenzake ampendaye ataonja kahawa pamoja naye, wala hatahesabu kwamba amepungukiwa.

Wale walio huru kuonja na wafanye hivi. Chukueni bilauri mbili safi zinazofanana. Zisuuzwe sana, kwa kuwa sabuni iliyobaki huua povu na mafuta ya mikono huharibu harufu. Chupa isiwe na baridi ya barafu, maana baridi kali hufunga harufu, na harufu ndiyo nusu ya bia hii au zaidi. Nyuzi 8 hata 12 zatosha. Kule Same mjini hamna budi kutumia friji kisha mwiache mezani robo saa. Huku juu jioni ya Julai, sufuria ya maji ya chemchemi yatosha kabisa. Mimineni mkiinamisha bilauri, kisha mwiinue mwishoni ili povu lipande unene wa kidole. Msijaze.

Mtazame kwanza. Rangi yake huwa kati ya dhahabu na shaba. Nyingine za siku hizi zina ukungu kama maji ya machungwa, na ukungu huo si uchafu. Kisha mnuse, si kwa kuvuta pumzi moja ndefu, bali mara mbili tatu fupi fupi, kwa kuwa pua huchoka upesi. Hapo nawapa agizo moja ambalo naona ni la lazima: kila mmoja aandike katika karatasi yake alichonusa kabla ya mwenzake kusema neno. Katika nyumba nyingi mume akitangulia kusema "Yanuka limau," mke naye hunusa limau, ama kwa heshima, ama kwa kuchoka kubishana, na hivyo pua moja imepotea bure. Wala msitafute maneno ya wazungu yaliyochapwa katika karatasi ya chupa. Tumieni vitu vya shamba lenu: ganda la chungwa lililokwaruzwa, balungi, embe bivu, pera, utomvu wa msonobari uliokatwa karibuni, majani yaliyofyekwa, udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukinusa kitunguu, andika kitunguu. Hopsi nyingine hunuka hivyo kweli.

Kisha mwonje. Funda liwe dogo, lienee kinywani mwote, ndipo mlimeze polepole. Kwanza utasikia utamu wa kimea, kama ganda la mkate uliookwa vizuri. Kisha uchungu utainuka, nao haufiki kileleni mpaka umekwisha kumeza. Ngojeni wakati huo. Watu wengi humwaga bia hii kwa sababu wameihukumu katika nukta ile ya kwanza. Hesabuni uchungu wakaa muda gani, na mjiulize kama ni uchungu safi, kama wa ganda la balungi, au wa kukwaruza, kama wa kidonge kilichoyeyukia ulimini. Huo wa pili ni kasoro ya mpishi. Onjeni tena baada ya dakika kumi bia ikiwa imepata joto kidogo. Harufu zilizofichika zitatoka, na mara nyingi karatasi ya pili haifanani na ya kwanza.

Tulifundishwa shuleni kwamba uchungu huonjwa nyuma ya ulimi na utamu mbele. Mafundisho hayo si sahihi. Yalitokana na maandiko ya Mdachi mmoja, Hänig, ya mwaka 1901, ambayo baadaye yalisomwa vibaya na kuchorwa kama ramani. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huweza kusikia uchungu.

Na jambo lililo kubwa kuliko hilo: ndimi mbili hazilingani. Mwaka 1931 huko Marekani mtaalamu Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa dawa fulani katika chumba cha kazi, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamika kwamba ni chungu mno. Fox hakusikia kitu. Wakawaonjesha watu wengine, wakaona kwamba wengine husikia uchungu mkali na wengine hawasikii hata kidogo, na ikajulikana baadaye kwamba tofauti hiyo hurithiwa kwa wazazi. Uchungu wa hopsi hupokewa na vionjio vingine, lakini nao watu huusikia kwa viwango mbalimbali. Basi mke akisema, "Baba, hii siiwezi, ni shubiri," na mume akisema, "Mama, mbona mimi naona ni laini?" hakuna aliyedanganya, wala hakuna anayejidai. Kila mmoja ameshuhudia ulimi wake, na ulimi wa mwenziwe hataupata kamwe hata wakikaa miaka 50. Nimeona ndoa zikigombana juu ya chumvi ya mchuzi kwa sababu mume alihesabu ulimi wake kuwa ndio kipimo cha nyumba. Karatasi zile mbili zikilazwa mezani sambamba, pande zinazotofautiana ndizo zinazostahili mazungumzo marefu.

Juu ya chakula nitasema machache. Msionje na njaa. Makande yaliyoungwa kwa nazi au siagi yaenda vizuri sana na bia hii, maana mafuta huutuliza uchungu na uchungu huyakata mafuta. Nyama ya kuchoma na karanga pia. Pilipili iwe kidogo, kwa sababu kileo na uchungu huizidisha moto, nanyi mtamlaumu mpika bia kwa kosa la pilipili.

Limebaki neno la kuchagua na kutunza, kwa kuwa bei ya bia hii mara nyingi huzidi ile ya kawaida, na fedha ya nyumbani haifai kupotea. Bia iliyozunguka Afrika kwa miezi sita siku hizi hutakiwa ionjwe ikiwa changa. Uchungu wa hopsi hudumu, lakini harufu yake huondoka katika miezi michache, hasa katika joto; tazameni tarehe iliyopigwa chupani. Adui mwingine ni mwanga. Jua likiipiga bia ya hopsi, utomvu ule uliochemka huvunjika, ukatoa harufu mbaya sana, sawasawa na ya kicheche aliyeudhiwa, na pua ya mtu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya rangi ya kahawia huikinga bia, ya kijani huikinga kidogo, nyeupe haiikingi kabisa. Kwa hiyo mwanao akikuletea chupa nyeupe iliyosafiri dirishani mwa basi kutoka Dar es Salaam hata Makanya, jua la mchana kutwa likiiangaza, ifungulieni uani, mnuse kwanza. Ikinuka kicheche, imimineni chini ya migomba, mkaweke maji ya kahawa jikoni.